Damu katika mkojo: si hedhi iliyorudi, wala si dalili ya kijana kubaleghe



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba wake na wote wenye kufuata mwendo wake.

Ndugu Waislamu, katika safu yetu ya leo tutazungumza, in shaa Allah, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulionea haya: damu inayotoka pamoja na mkojo. Tutaeleza kwa nini saratani ya kibofu cha mkojo huwapata zaidi wanaume, homoni za kiume na za kike zina kazi gani katika ugonjwa huo, na kwa nini sisi watu wa Unguja na Pemba hatutakiwi kuuona kuwa ni ugonjwa wa wanaume peke yao.

Kisa cha bibi yetu

Miaka michache iliyopita alinijia bibi mmoja hapa Kiwengwa, umri wake umeshapindukia miaka 60. Alikuwa mkulima wa mwani, lakini utoto wake aliupitisha kwa wazee wake katikati ya kisiwa, kwenye mabonde ya mpunga. Alikuja na mjukuu wake wa kike. Nilimwamkia akaitikia, kisha akanyamaza. Mjukuu ndiye aliyesema: "Dokta, bibi leo siku ya tisa hasali."

Nilipomuuliza sababu, bibi aliinamisha uso akajibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ada yangu imerudi. Nimeona damu."

Haikuwa ada. Nilimpa kikopo, na mkojo aliorudi nao ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Akanieleza kuwa hata miezi ya nyuma alipata kuona hivyo kwa siku mbili, ikakoma yenyewe, naye akamshukuru Mungu.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Miezi minne kabla ya siku ile, bibi huyu huyu alikuja kwangu akilalamika kuwa anakwenda haja ndogo kila mara na anaumwa chini ya kitovu. Nilimwandikia vidonge vya ugonjwa wa njia ya mkojo, ule ambao watu wanauita UTI. Sikumpima mkojo, wala sikumwambia arudi. Alipopata nafuu aliona amepona, na mimi nikaona hivyo hivyo.

Safari hii nilimwandikia barua ya rufaa. Alipochunguzwa hospitali alionekana ana uvimbe ndani ya kibofu, na kinyama kilichokatwa kilipopimwa kikaonekana ni saratani, nayo imeshaingia ndani ya misuli ya kibofu. Alitibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, lakini muda ulikuwa umeshapotea. Allah amrehemu na ampe kauli thabiti. Watu wake wameniruhusu nikieleze kisa hiki bila ya jina, ili wengine wafaidike.

Kwa nini wanaume zaidi?

Kibofu ni kama mfuko wa misuli unaohifadhi mkojo mpaka mtu atakapokwenda haja. Kwa ndani kimetandikwa utando laini. Saratani nyingi za kibofu huanzia kwenye utando huo, seli zake zinapoacha utaratibu wa kawaida zikawa zinazaliana ovyo. Baadaye uvimbe huota mizizi kuelekea kwenye misuli, na ukishafika huko matibabu huwa mazito.

Ukiangalia dunia nzima, wanaume wanaopata saratani hii ni mara tatu hadi nne ya wanawake. Kwa muda mrefu wataalamu walisema sababu ni mbili: wanaume wanavuta sigara zaidi, na wanaume ndio waliofanya kazi zaidi katika viwanda vya rangi na kemikali. Sababu hizo ni za kweli. Sigara ndiyo inayoongoza duniani kwa kuleta saratani ya kibofu, kwa kuwa sumu zake huchujwa na figo zikakaa ndani ya mkojo. Lakini hata wakilinganishwa mwanamme na mwanamke wote wasiovuta sigara, bado tofauti inabaki. Ndipo watafiti wakaanza kuziangalia homoni.

Ufunguo na kufuli

Homoni ni ujumbe unaotengenezwa na kiungo kimoja na kusafirishwa kwa damu kwenda viungo vingine. Homoni mashuhuri ya kiume inaitwa testosteroni, na ya kike estrojeni. Allah amejaalia kila mmoja wetu, mwanamme na mwanamke, awe nazo zote mbili. Kinachotofautiana ni kiasi.

Sasa ndugu msomaji jiulize: ikiwa homoni inapita mwili mzima, mbona haifanyi kazi kila mahali? Jawabu ni kuwa homoni ni mfano wa ufunguo. Unaweza kupita mitaa yote ya Mji Mkongwe na ufunguo mmoja mkononi, na utafungua mlango ule tu wenye kufuli yake. Kufuli hiyo ndani ya seli inaitwa kipokezi. Seli yenye kipokezi cha testosteroni itaisikia testosteroni. Isiyokuwa nacho haina habari.

Zamani ilidhaniwa kuwa kufuli hizi ziko kwenye viungo vya uzazi, matiti na tezi dume tu. Mwaka 1966 Dokta Charles Huggins wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonesha kuwa saratani ya tezi dume hutegemea homoni za kiume, na kwamba ukizipunguza ugonjwa hurudi nyuma. Baadaye ikajulikana kuwa hata seli za kibofu zina vipokezi vya homoni za kiume na vya homoni za kike.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kubwa. Waliwapa panya kemikali inayoleta saratani ya kibofu. Panya dume wa kawaida walioipata walikuwa zaidi ya 9 katika kila 10, na panya jike wa kawaida takriban 4 katika kila 10. Kisha kemikali hiyo hiyo wakapewa panya waliozaliwa bila ya kipokezi cha homoni ya kiume. Katika hao, dume na jike, hakuna hata mmoja aliyepata saratani hiyo. Sumu ilikuwa ile ile, lakini kufuli haikuwepo.

Kutokana na hayo tunafahamu kuwa homoni ya kiume si sumu, wala yenyewe haianzishi saratani. Ila pale ambapo sumu ya sigara au kitu kingine kimeshaiharibu seli, ufunguo huu ukiingia katika kufuli yake huihimiza seli iliyoharibika iendelee kuzaliana. Hii ni sehemu ya sababu ya wanaume kuongoza.

Na wanawake je?

Estrojeni ina kufuli mbili, na wataalamu wanaziita alfa na beta. Utafiti wa maabara unaonesha kuwa kwenye kibofu kufuli ya alfa inaelekea kuwa mlinzi. Kufuli ya beta, kinyume chake, imeonekana kwa wingi katika baadhi ya uvimbe ulio mkali. Kwa hiyo si sahihi kusema kwa mkato kuwa homoni ya kike ni kinga. Inategemea imefungua mlango upi.

Jambo jengine ni kuwa mwanamke anapokoma hedhi, estrojeni yake hushuka sana. Utafiti uliofanywa kwa wauguzi wanawake wa Marekani na kutangazwa mwaka 2006 ulionesha kuwa waliokoma hedhi mapema, wakiwa na miaka 45 au chini yake, walipata saratani ya kibofu zaidi kuliko waliokoma wakiwa na miaka 50 au zaidi.

Tena katika nchi nyingi imeonekana kuwa mwanamke akipata ugonjwa huu, mara nyingi hugunduliwa akiwa amechelewa kuliko mwanamme. Mwanamme akikojoa damu hushtuka. Mwanamke husema ni ada, au huambiwa ni UTI, akapewa vidonge mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Hivyo hasa ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yetu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomchelewesha.

Kichocho chetu

Kwetu Zanzibar kuna jambo jengine ambalo nchi za baridi hawanalo, nalo ni kichocho. Mdudu wake aligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1911, huko huko Misri, daktari Ferguson alieleza uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likamtangaza rasmi mdudu huyu kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kichocho hakiambukizwi baharini. Kinahitaji maji baridi na aina maalumu ya konokono. Kwa hiyo ukanda wetu wa mashariki wenye mawe ya matumbawe, kama hapa Kiwengwa, si mahali pake hasa. Lakini nani kati yetu hana jamaa Kinyasini au Chaani? Watoto wetu huenda huko likizo, huoga mitoni, na wazee wetu wengi wamelima mpunga mabondeni. Mdudu huingia kupitia ngozi, mtu akiwa ndani ya maji. Wakishakua, dume na jike huishi pamoja katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai ya jike yana mwiba. Mengine hutoka na mkojo yakiwa yamechana njia, na ndiyo ile damu. Mengine hukwama katika ukuta wa kibofu, yakaleta uvimbe na makovu kwa miaka mingi.

Na hapa homoni zinarudi tena. Kuanzia mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Ureno wameeleza kuwa mdudu wa kichocho anatoa vitu vinavyofanana na estrojeni, navyo hukizima kipokezi cha estrojeni ndani ya seli. Ni kama mtu aliyechonga ufunguo wa bandia akauvunjia ndani ya kufuli, hata ufunguo wa kweli ukija haufungui. Wanaona kuwa huenda hii ni moja katika njia ambazo kichocho cha muda mrefu huivuruga seli ya kibofu, pamoja na jeraha la mayai yenyewe.

Natija yake tunaiona hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 madaktari wa Mwanza walitangaza taarifa za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka eneo la kaskazini magharibi ya nchi, karibu na Ziwa Victoria, ambako kichocho ni kingi. Wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Karibu nusu ya wagonjwa walikutwa na mayai ya kichocho katika vinyama vyao. Ule uwiano wa wanaume watatu au wanne kwa mwanamke mmoja haukuwepo. Hii ndiyo sababu ya kusema kuwa kwetu sisi kumwambia mwanamke "huu si ugonjwa wenu" ni hatari.

Alhamdulillah, kichocho Zanzibar kimepungua sana. Katika miaka ya 1980 vijiti vya kupimia damu kwenye mkojo vilitumika katika skuli za Pemba kuwatambua watoto wagonjwa, na waliokutwa nacho walikuwa wengi mno. Kutoka mwishoni mwa 2011 hadi 2017 ulikuwepo mpango maalumu wa kukitokomeza, Unguja na Pemba, kwa kugawa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia kwa kuua konokono na kutoa elimu. Lakini tukumbuke kuwa saratani huja miaka mingi baada ya maambukizi. Mtoto wa miaka ile ya 1980 ndiye baba au mama wa leo. Wazee wetu wengi husimulia kuwa kijana kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida, wakasema huyo anabaleghe. Haikuwa kubaleghe. Ulikuwa ni ugonjwa.

Twahara na sala

Turudi kwa zile siku tisa za bibi yetu. Damu inayotoka katika njia ya mkojo si hedhi wala si nifasi, na haimuondolei mtu wajibu wa sala. Ni najisi kama mkojo, inatengua udhu, na inapasa kuoshwa. Ikiwa inatoka mfululizo bila ya kusita, mtu huyo huwa katika hukumu ya wenye udhuru: atajisafisha, atajihifadhi kwa pamba au kitambaa safi, atatia udhu baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, kisha atasali. Mwanamke asiyekuwa na hakika damu inatoka njia ipi aulize masheikh kuhusu ibada yake, na siku hiyo hiyo aende kituo cha afya. Jambo moja lisimzuie jengine. Na mwanamke aliyekwishakoma hedhi akiona damu, hata kama inatoka njia ya uzazi, ni lazima achunguzwe, kwani hiyo nayo inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi.

Dini yetu haikutuachia haya katika kujifunza. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo humo. Angalieni, ndugu zangu: mayai ya kichocho humfikia konokono kwa mkojo wa mgonjwa uliomwagwa majini. Mwenye kulishika katazo hili anajikinga, na anawakinga jirani zake.

Nini tufanye

1. Tuangalie mkojo wetu. Ukiwa mwekundu, au una rangi ya chai kavu, au una mabonge ya damu, nenda ukapimwe hata kama huumwi popote. Damu ya saratani mara nyingi haina maumivu, hutoka na kukoma. Kukoma kwake si kupona.

2. Ukitibiwa UTI au kichocho, rudi baada ya dawa upimwe tena. Damu ikiwa bado ipo, au dalili zimerudi, usikubali vidonge vya tatu. Omba kwa adabu barua ya rufaa ili ufanyiwe ultrasaundi na uchunguzwe kibofu kwa mpira mwembamba wenye kamera. Mwanzo wa safari yetu ni Hospitali ya Mnazi Mmoja. Wanaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

3. Tuwaeleze watabibu ukweli: kama tuliwahi kukojoa damu utotoni, tuliishi wapi, tunavuta sigara au hatuvuti.

4. Dawa ya kichocho ikigaiwa skuli au kwa sheha, tuimeze na tuwamezeshe watoto. Tusioge wala kuchezea mitoni kwenye kichocho. Maji ya mto yanayotakiwa kwa udhu au kuoga yatekwe yasiwe na konokono, yafunikwe na yaachwe siku mbili, kwani vijidudu vya kichocho hufa ndani ya muda huo. Au yachemshwe.

5. Tuache sigara. Aliyeivuta miaka 20 akaiacha leo bado ana faida.

6. Tusikimbilie kununua dawa za kushusha au kupandisha homoni, za hospitali au za kienyeji, kwa kuwa tumesoma makala hii. Dawa za kuzuia kipokezi cha homoni ya kiume zinatumika katika saratani ya tezi dume. Katika saratani ya kibofu bado zinafanyiwa utafiti. Matibabu yaliyothibiti ni kuondoa uvimbe, upasuaji wa kibofu, mionzi na dawa za saratani. Kwa baadhi ya uvimbe wa juu juu hutiwa ndani ya kibofu dawa ya BCG, ile ile wanayochanjwa watoto wetu wachanga kujikinga na kifua kikuu. Njia hiyo ilitangazwa na daktari Morales wa Canada mwaka 1976. Basi uvimbe ukiwahiwa mapema, wagonjwa wengi huishi na vibofu vyao.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha tujitibu, kwani Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Lakini dawa ina wakati wake. Leo jioni, baada ya sala ya Isha, kila mmoja wetu awaulize wazee wake kwa heshima: mama, baba, bibi, babu, umepata kuona damu kwenye mkojo? Pengine hakuna aliyepata kuwauliza. Na sisi watabibu tusimwachie mgonjwa akaondoka bila ya kumpima mkojo, wala bila ya kumwambia siku ya kurudi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kusikia lililo zuri tukalifuata. Amin.

Wabillahi tawfiq.